Mlango wa Rangi ya Kahawa

Kama kuna ugonjwa wa kurithi katika nyumba yetu, basi ni ukaidi. Baba alikuwa nao, mdogo wangu Venant akauchukua karibu wote, na mimi Justa nikabakiziwa kidogo cha kunisaidia kuishi katikati yao. Nasimulia haya nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Niliwapenda wote wawili, na wote wawili waliniudhi mpaka mwisho.

Baba yetu, mzee Mutayoba, alikuja Mwanza kutoka Kagera akiwa kijana, akaajiriwa kuchora michoro ya khanga na vitenge katika kiwanda cha nguo. Watu wakisikia alikuwa mchoraji hudhani kazi yake ilikuwa maua na ndege. Maua kila mtu anaweza, alikuwa akisema. Kazi ilikuwa pale maua yanapokutana. Kitambaa hupita kwenye rola inayozunguka, na mchoro uliomo kwenye rola ni mfupi tu. Rola ikimaliza mzunguko inaanza upya, hivyo hivyo mpaka jora liishe. Kwa hiyo ukingo wa chini wa mchoro lazima ukutane na ukingo wa juu, shina na shina lake, jani na jani lake, mtu asione palipoungwa. Kanisani alikuwa akikodolea macho migongo ya wanawake mpaka mama anamfinya. Masikini, hakuwa akitazama wanawake, alikuwa akitafuta mahali mchoro ulipoungwa.

"Mchoro mbaya una mkia," alikuwa akituambia. "Mchoro mzuri hujui umeanzia wapi."

Halafu ikaja soko huria. Kila kitu kikaruhusiwa, na kilichoingia kwa wingi kuliko vyote kilikuwa mitumba. Sisi tuliiita kafa Ulaya, kwa kuamini kwamba wenye nguo hizo wamekufa huko ndiyo maana zimetufikia. Shati la kafa Ulaya lilikuwa imara na la bei ndogo, na khanga za kiwandani zikaanza kulala ghalani. Kiwanda kikapunguza zamu, kisha kikapunguza watu, kisha mashine zikanyamaza kabisa. Baba alirudi nyumbani Pasiansi na penseli zake ndani ya kopo la maziwa, akaliweka juu ya kabati na hakuligusa tena.

Wiki ile ile Venant akaamua kuuza mitumba. Simlaumu. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, mimi nilikuwa bado natafuta kazi, na mtu mzima mwenye nguvu hawezi kukaa anatazama sufuria tupu kwa sababu ya kuheshimu rola. Ninachomlaumu ni kukosa akili ya kungoja kidogo. Mchana mmoja wa mvua alikuja na marobota mawili kwenye mkokoteni, akataka kuyaingiza ndani yasilowe.

Baba alisimama mlangoni. Mlango wetu ulikuwa wa mbao za mninga, aliutengeneza mwenyewe alipojenga nyumba, wa rangi ya kahawa iliyokaangwa.

"Nguo za wafu haziingii humu," akasema. "Na aliyezibeba asiingie nazo."

Akafunga mlango, akasukuma komeo, akaketi. Nje mvua ikazidi. Tukamsikia Venant akiita, "Hodi, Tata." Sisi Wahaya baba ndiye Tata. Akaita tena. Hodi ni lazima iitikiwe kama ndani mna mtu, hata mdai wako unamwitikia. Nikanyanyuka, baba akanikaripia nikae chini. Hodi ya tatu ilipokosa mwitiko tukasikia mkokoteni ukiondoka, na maji yakimiminika kutoka kwenye bati.

Venant hakurudi. Alizunguka na mitumba yake mikoa mingi, mwisho akafika kusini kabisa mwa nchi, akapata kazi ya kutunza stoo katika hospitali moja ya misheni. Aliniandikia mimi. Kuhusu baba hakuuliza, na baba kuhusu yeye hakuuliza, ila siku barua inapokuja alikuwa akizungukazunguka karibu na kiti changu mpaka niisome kwa sauti. Hasira, hasara. Walijua msemo huo wote wawili, na miaka ikapita wakiujua.

Mwaka wa mvua za El Nino kiharusi kikampiga baba. Kilichukua mkono wake wa kulia, kikavuta mguu, kikauchukua na ulimi. Alibaki na sauti moja tu, kama mtu anayetaka kukohoa akaghairi. Maneno tunayomwambia aliyaelewa, lakini kuyaandika hakuweza hata kwa mkono wa kushoto; herufi zilikuwa zimemkimbia. Nilimwandikia Venant siku ile ile, nikamwambia njoo, baba anakuhitaji, na hana tena uwezo wa kukuita.

Jibu lilikuja kwenye karatasi ya hospitali. Nilimsomea baba lote kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu alikuwa akilitazama. Venant aliandika kwamba anasikitika, na kwamba atatuma dawa akizipata. Halafu akaandika: "Mlango aliufunga Tata mwenyewe, aufungue mwenyewe. Usiniite kwa niaba yake, dada. Akitaka niende, atapata njia ya kuniambia."

Baba alifumba macho. Nikadhani amelala, kumbe anawaza. Kesho yake akaninyooshea kidole kabatini, kwenye lile kopo la maziwa.

Kwa mkono wa kushoto alichora mlango wetu, umefunguliwa nusu. Mistari ilitetemeka lakini mlango ulikuwa ule ule, mpaka fundo la mbao karibu na komeo. Nikafurahi, nikasema nitautia kwenye bahasha niupeleke posta. Akaichana karatasi. Nilipolalamika alishika fimbo yake, akajiburuta hadi mlangoni, akauweka nusu wazi na kunitazama. Akasimama vile muda mrefu akiningoja, mpaka nikamwelewa. Mlango uliosimama nusu hausemi kama unafunguliwa au unafungwa.

Wakati huo mimi nilikuwa nimepata kazi ya kuchapa kwa Masalu, Msukuma mmoja mchangamfu aliyefungua ofisi ya kuchapa na fotokopi pale Nyamagana, karibu na soko kuu. Masalu alikuwa amenunua kompyuta, na juu yake akaongeza simu ya kupelekea imeili, jambo lililokuwa jipya mjini. Wateja wetu hawakuigusa mashine. Mtu alileta ujumbe wake kwenye karatasi nikaupiga, na majibu yalipoingia niliyatoa kwenye printa, nikayakunja, nikayapiga pini na kuandika jina juu. Wafanyabiashara wa samaki walikuja kuuliza, "Imeili yangu imetoka?" nami nikawapa karatasi yao. Kwetu na kwao imeili ilikuwa ni hiyo karatasi.

Siku moja nilimchukua baba tushinde naye ofisini, maana jirani anayemwangalia alikuwa na msiba. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kapicha kadogo kalikokuja na programu: bahasha inaruka, inaingia sandukuni, kisha inaruka tena. Mimi nilishaizoea kiasi cha kutoiona. Baba aliitazama mpaka chai yake ikaota ngozi. Kisha akacheka. Tangu mashine za kiwandani zinyamaze sikuwa nimemsikia akicheka. Akazungusha kidole hewani, mara nyingi, akinitazama nielewe. Ilikuwa rola.

Masalu alielewa kabla yangu. Alisalimia, "Shikamoo mzee," baba akainua kiganja cha kushoto badala ya marahaba, naye akavuta kiti na kumwonyesha. Picha ile haikuwa moja, ilikuwa picha kadhaa zilizopangwa foleni, kila moja imebadilika kidogo kuliko iliyotangulia, na mashine inazipitisha haraka, ikifika mwisho inarudi mwanzo bila kuchoka. Masalu alikuwa na programu ya kuzichora na kuzipanga, aliletewa kwenye disketi na rafiki yake wa Dar es Salaam, na yeye mwenyewe aliitumia kuchora ng'ombe anayetikisa mkia.

"Huyu mzee atatushinda sote," akaniambia. "Mwache awe anakuja Jumamosi tukishafunga. Nitamfuata mwenyewe na pikapu."

Basi Jumamosi mchana, Nyamagana ikipungua watu, baba aliketi mbele ya kioo na kompyuta ikawa rola yake. Mkono wa kushoto ulijifunza mausi polepole. Alichora nukta moja moja, mraba kwa mraba, ndani ya picha ndogo isiyozidi kiberiti, kwa sababu Masalu alionya kwamba picha kubwa isingepita kwenye simu. Rangi nazo alizibania. Kiwandani kila rangi ilitaka rola yake, na alizoea kufanya mengi kwa rangi chache. Kahawia tatu, nyeupe moja, kijani kidogo cha jani la mgomba kwenye pembe. Masalu alimwonyesha kwamba anaweza kuweka rangi nyingi zaidi, akakataa kwa kutikisa kichwa.

Mlango ulifunguka vizuri tangu wiki za mwanzo. Ndani yake ukatokea mkono ukinyoosha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni akiingia hupewa kahawa hiyo kabla ya neno lolote la maana, na ukishaipokea na kuitafuna umekaribishwa, yaliyopita yanakaa nje. Mtu akikunyima kahawa amekwambia kila kitu. Baba hakuhitaji ulimi kwa hilo.

Shida ilikuwa kurudi mwanzo. Picha zikiisha, mlango ulikuwa wazi na kikapu kipo mbele, halafu kufumba na kufumbua mlango umefungwa tena, pa! Mkia. Masalu akapendekeza mlango ujifunge taratibu kama ulivyofunguka, akaupanga hivyo ili mzee aone. Baba alipoona mlango ukifungwa alitoa ile sauti yake ya kukohoa, akapiga meza. Nilimshika bega. Alitaka mlango ufunguke siku zote na usionekane ukifungwa hata mara moja, na kitu kama hicho mimi nilidhani hakiwezekani, nikamwambia hivyo. Akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama utotoni nikiongea upuuzi.

Alihangaika nalo kipindi chote cha kiangazi. Ziwa lilijaa magugumaji mpaka mitumbwi ya Pasiansi ikashindwa kutoka, ndege za minofu ya sangara zikapita juu ya bati letu, na baba kitandani akichora hewani kwa kidole. Afya yake ilikuwa inapungua. Daktari aliniambia kiharusi kikirudi hakitampa nafasi nyingine, na nilijua baba amemsikia, maana tangu siku hiyo alinihimiza Jumamosi kabla haijafika.

Halafu akapata. Kikapu hakirudi nyuma. Kinaendelea kuja, kinakuja, mpaka kahawa iliyomo inajaza picha yote na hakuna kingine ila rangi ya kahawia. Na rangi hiyo ndiyo rangi ya mlango. Juu ya kahawia tupu mistari ya mbao inaanza kujichora, fundo linatokea, komeo linatokea, na mlango upo tena mbele yako, ukianza kufunguka. Hakuna uliyemwona akiufunga. Niliitazama tukiwa watatu, nikajaribu kutafuta palipoungwa, nikashindwa, na machozi yakanitoka mbele ya mwajiri wangu.

Lilibaki jambo la mkono. Mkono aliokuwa nao ni wa kushoto, na kwetu humpi mtu kitu kwa kushoto, ni kumtukana. Alichora wa kulia ukishika kikapu. Kisha akaongeza wa kushoto chini yake, umeshika kifundo cha ule wa kulia na kuuinua. Ukiwa hujui, ni adabu ya kawaida ya kutoa kwa mikono miwili. Ukiwa unajua, ni mkono uliokufa unabebwa na mwenzake ufanye kazi yake ya mwisho.

Masalu aliuliza foleni ya picha ianze na ipi. Baba alizungusha kidole, maana mchoro mzuri haujulikani ulipoanzia. Lakini mashine ilitaka ya kwanza, lazima ipewe. Akafikiri, akaweka kidole kwenye mlango uliofungwa, kisha akagonga meza mara tatu kwa kifundo cha kidole. Hodi. Mgeni kwanza huuona mlango umefungwa. Tukaona ana haki.

Anwani ya imeili tuliipata kwenye kichwa cha karatasi za hospitali, ilikuwa ya ofisi. Niliandika jina la Venant juu, na chini nikaandika mstari mmoja tu: "Hii ni kazi ya Tata mwenyewe, kwa mkono wake." Sikutaka kuongeza neno langu, maana alishanikataza nisimwite kwa niaba ya mtu. Mashine ya simu ikalia na kukoroma, ikakatika, tukarudia, ikapita. Baba alivua kofia.

Siku zikapita bila jibu. Nikirudi nyumbani baba ananitazama usoni kabla sijavua viatu, nami natikisa kichwa. Mwishowe uvumilivu ukaniishia, nikatuma ujumbe mwingine kumuuliza kama amepata alichotumiwa na Tata. Jibu likaja baada ya siku chache, fupi, nikalitoa kwenye printa na kulipeleka Pasiansi mkononi. "Nimepata. Nimeelewa. Msalimie."

Furaha aliyoipata baba siku ile sikuwahi kuiona kwake, hata kiwanda kilipompa zawadi ya mfanyakazi bora. Nimeelewa! Alinifanya nilisome neno hilo tena na tena. Kwake kusema umeelewa ilikuwa ni kusema nakuja. Kwangu pia, sitajifanya mwerevu. Akanituma bandarini kununua kahawa ya kutafuna kwa akina mama wanaoshuka na meli ya Bukoba, akaitia kwenye kikapu, akakiweka juu ya kigoda karibu na kiti chake. Mlango akataka uwe wazi kuanzia asubuhi. Mbuzi wa jirani wakaingia, kuku wakaingia, mwendesha baiskeli wa kuuza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, akasimama kuuliza kama kuna msiba. Baba akawafukuza wote kwa fimbo na kuendelea kutazama barabara.

Alikaa hivyo mpaka mvua za vuli zilipokaribia. Kila nilipotaka kumtumia Venant ujumbe wa kumharakisha, baba alinizuia kwa kiganja. Mwanaume ameshasema ameelewa, usimsumbue. Asubuhi moja nilimkuta kitini na kichwa kimelala upande. Kikapu kilikuwa mapajani, mkono wa kushoto umeshika kifundo cha mkono wa kulia.

Nilipiga simu ya upepo kwenda hospitali ile. Wazee wa ukoo walikuja, wakangoja walivyoweza, wakasema mwili hauwezi kungoja mtu ambaye haijulikani kama ameondoka huko aliko. Tukavuka na jeneza kwa kivuko cha Kamanga, tukashika barabara ya Kagera, na baba akazikwa kwenye kibanja cha ukoo, katikati ya migomba. Nilikuwa na hasira na Venant kiasi kwamba kaburini nilishindwa kulia vizuri. Umeelewa nini, nilikuwa namuuliza moyoni. Umeelewa kitu gani usichoweza kupanda gari ukaja?

Wanasema kawia ufike. Venant alikawia, akafika. Niliporudi Pasiansi baada ya matanga nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye mlango uliofungwa, maana nilipoondoka nilifunga kwa kufuli. Mvua ilikuwa imemnyea. Alikuwa amekonda, na nywele za pembeni zimeanza mvi. Jirani ndiye aliyemwambia kwamba tumeshazika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikasema, na nikampita kufungua kufuli.

Nilipotoka tena nilikuwa na kikapu. Sijui kwa nini nilianza na kahawa. Pengine nilitaka kumwumiza, au nilitaka kutimiza alichoachiwa. Nikakinyoosha. Venant alikitazama lakini hakuinua mkono.

"Siwezi," akasema. "Sitapokea kwako kitu ambacho yeye alininyima. Alinijibu, dada. Uliniambia ni kazi ya mkono wake, nikaiamini. Nimekuja kumzika tu, na hata hilo nimechelewa."

Akaingiza mkono kifuani akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kukatika. Ilikuwa na matobo mawili ya pini kwenye pembe, na jina lake limeandikwa juu kwa kalamu na karani wa ofisi ya hospitali, kama mimi ninavyowaandikia wateja wangu. Mstari wangu ulikuwepo. Chini yake, kwa wino mweusi wa printa, kulikuwa na mlango wetu, na fundo la mbao, na komeo limesukumwa mpaka mwisho. Hakuna kingine. Printa yao ilikuwa imetoa ile picha ya kwanza ya foleni peke yake, mlango uliofungwa umetulia kwenye karatasi.

Nilikaa chini pale pale kwenye maji. Naamini nilipiga yowe, kwa sababu jirani alitoka. Venant akadhani nalia kwa ajili ya baba, akaanza kunipa pole.

"Nyamaza," nikamwambia. "Nyamaza, inuka, twende mjini."

Masalu alikuwa anafunga hesabu. Alituona, akaiona karatasi mkononi mwa Venant, akaigeuza huku na huku akaielewa haraka kuliko nilivyokuwa nimejiandaa kueleza. Alisema taratibu kwa Kisukuma neno ambalo sikulijua, akawasha kompyuta, akaiweka disketi aliyohifadhia kazi ya baba na kutuvutia viti. Kisha akatoka nje akasimama kwenye baraza, ametupa mgongo.

Picha ilitokea katikati ya kioo, ndogo kama kiberiti. Venant akaiweka karatasi kando yake. "Ndiyo hii," akasema, na uso wake ukafunga.

Halafu mlango ukafunguka.

Ukatokea mkono na kikapu, kikapu kikaja, kahawa ikajaa kioo, mbao zikajichora, mlango ukafunguka. Venant alisogea mbele mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo, nikaufuta kwa upande wa khanga. Nilimwacha atazame. Nilijua ataanza kutafuta palipoungwa, maana sote tulilelewa na mzee mmoja, na nilijua hatapaona.

"Unafungwa saa ngapi?" akaniuliza.

"Haufungwi. Alikataa."

Akatazama tena. Baada ya muda akaweka kidole kwenye kioo, juu ya ule mkono wa kushoto ulioshika mwenzake kwa chini, mdogo kiasi kwamba ulikuwa nukta chache tu. "Hakuweza kuuinua," akasema.

"Hakuweza."

"Na mimi nilijibu nimeelewa."

Nikamwambia ukweli, kwamba Tata alilifurahia neno lile, na kwamba alikufa akiamini. Nilidhani itampunguzia. Haikumpunguzia. Alijikunja pale kitini, akalia kilio cha mtu mzima kisichokuwa na machozi mengi, na mlango ukaendelea kufunguka mbele yake bila kujali kama anautazama au hautazami. Nilitamani kuuzima. Nilitamani pia usizimwe kamwe.

Alipotulia alijifuta uso kwa ile karatasi. Akaketi wima, akavuta shati lake likae sawa, kama mtu anayesimama mbele ya nyumba ya watu.

"Hodi, Tata," akasema.

Mlango ukafunguka. Karibu ni neno fupi, na lilikuwa mdomoni mwangu tangu siku ile ya mvua na mkokoteni, lakini hodi ile haikuwa yangu, nikalimeza. Mkono wa kulia ukatoka umebebwa na wa kushoto. Venant akakinga viganja vyake viwili chini ya kioo, kama tulivyofundishwa utotoni kupokea kwa mkubwa, na kahawa ikaja, ikakaribia, ikajaa picha yote, ikageuka mbao.

"Hodi, Tata," akasema tena, viganja vikiwa bado vimekingwa.

Masalu aliingia saa ya kufunga ofisi, akatukuta hapo hapo. Akavuta kiti cha wateja, akaketi pembeni yetu.